Vitabu vya Picha na Somo la Kifaransa katika Shule za Msingi za Songwe

Miji ya mpakani husikia lugha nyingi na kuandika chache, na Tunduma, mji ulioko mwisho wa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 900, umo katika kaida hiyo. Wanyamwanga walikaa pande zote mbili za mpaka tangu mpaka wenyewe haujachorwa, na kwa hiyo mwanamke avukaye asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza mchele huweza kupatana bei kwa lugha ya bibi yake; Kiswahili kitamfikisha mbali zaidi; na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya ofisi za Zambia, kitamfaa akiitwa dirishani. Kifaransa ni nadra kusikika sokoni. Ila kimo ndani ya malori. Magari yale makubwa yapangayo foleni kutoka mpakani kurudi nyuma hadi nje ya mji, mengi huelekea Lubumbashi, Likasi na Kolwezi nchini Kongo, au hutoka huko na shaba kwenda bandarini, na hati zake, zikisha kuipita Zambia yote na kufika Kasumbalesa, huangukia mikononi mwa maofisa ambao lugha yao ya kazi ni Kifaransa.

Lipo jambo ambalo watetezi wa Kifaransa huelekea kulipita kimya, nami naona insafu yataka lisemwe mapema. Watu wa Lubumbashi husema Kiswahili. Dereva wa Tunduma na utingo wake wakishuka huko hula, hulala, hununua vipuri, hugombana na kupatana kwa Kiswahili, na hata kama Kiswahili cha wenyeji kimechanganyika na maneno ya Kifaransa hapa na pale, mgeni hachukui muda kukizoea. Kwa hiyo haja ya Kifaransa kwa mtu wa Songwe ni haja ya karatasi kuliko ya mdomo: ankara, mkataba, hati ya forodha, cheti cha hospitali, barua ya ofisi. Haja hiyo imezidi tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikazikuta humo Burundi na Rwanda zilizoingia mwaka 2007, nazo pia Kifaransa ni miongoni mwa lugha zao rasmi. Lakini mwenye haja hiyo ni mtu mzima, wala mtoto wa miaka tisa hana ankara ya kuisoma. Na hitilafu ya fikra huanzia hapo hapo, kwa sababu watu watakao Kifaransa kwa ajili ya hati za forodha hutaka vilevile kifundishwe kwa mtindo wa hati za forodha, yaani orodha za maneno, majedwali ya vitenzi na sentensi za kukariri, mambo ambayo mtu mzima mwenye shida huyavumilia na mtoto huyachukia kabla ya muhula kwisha.

Rai ya makala haya ni kwamba kitabu cha picha, kile chenye kurasa chache, maneno machache na hadithi moja iliyokamilika, ndicho mlango bora wa Kifaransa kwa mtoto wa shule ya msingi wa mkoa huu, lakini ni mlango wenye masharti, na masharti yake ni magumu kuliko wanavyodhani wale wanaohesabu kazi kuwa imekwisha mara maboksi ya vitabu yanapofika shuleni.

Serikali haikuinyima lugha hii nafasi. Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umekiweka Kifaransa pamoja na Kiarabu na Kichina katika lugha za kigeni ambazo shule ya msingi yaweza kuzifundisha kwa hiari kuanzia darasa la tatu. Hiari katika shule zetu hufuata mwalimu: penye mwalimu somo lipo, na pasipo mwalimu somo hubaki jina katika waraka. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ukiwa na wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe na Halmashauri ya Mji wa Tunduma, bado una shule zenye uhaba wa walimu wa masomo ya lazima, seuze ya hiari.

Tumtazame kwanza mtoto mwenyewe, kwa kuwa mijadala ya lugha hupenda kumsahau. Mtoto wa kijiji cha Ileje amelelewa kwa Kindali au Kimalila, wa Mbozi kwa Kinyiha, wa Momba kwa Kinyamwanga. Akifika shuleni hukuta Kiswahili ndicho kifundishiwacho, na huyu wa kijijini huenda bado anakijenga, ilhali mwenzake wa mjini Tunduma, mtoto wa wazazi waliotoka pande mbalimbali za nchi, mara nyingi Kiswahili ndicho lugha yake ya kwanza. Juu ya hayo huja Kiingereza. Kifaransa basi, kwa mtoto wa Ileje, ni lugha ya nne, na mzazi aulizaye kwa nini mwanawe aongezewe mzigo hali Kiingereza hakijamkaa ana hoja isiyopaswa kubezwa. Jibu langu ni kwamba uzito wa lugha ya nne hutegemea namna inavyoletwa. Kongo na Burundi watoto huishi na lugha tatu au nne bila kuugua. Kinachowalemea ni kusomeshwa kila somo kwa lugha wasiyoielewa, na jambo hilo halipo katika swali letu, kwa sababu Kifaransa kingekuwa kipindi kimoja au viwili kwa wiki, na hesabu na sayansi zingeendelea kwa Kiswahili kama kawaida.

Mtoto huyo, zaidi ya hayo, haji mikono mitupu. Lugha zote alizonazo za nyumbani, na Kiswahili pia, zimemfundisha tangu utotoni kwamba majina yana makundi na kwamba sifa hulifuata jina katika kundi lake: lori dogo, mbuzi mdogo, kitabu kidogo. Mfaransa anapomwambia kwamba lori ni *petit camion* na mbuzi ni *petite chèvre*, mtoto wa Kinyiha haoni ajabu ya mabadiliko hayo. Ameyaona siku zote, ila yake hutokea mwanzo wa neno na ya Kifaransa hutokea mwisho. Waingereza wakijifunza Kifaransa hulalamika kwamba kugawa vitu katika uume na uke ni jambo lisilo maana, na mtoto aliyezoea makundi zaidi ya kumi ya majina ana haki ya kuwacheka.

Taabu yake iko mahali pengine, nayo ni maandishi. Kiswahili kimemzoeza kuiamini kila herufi, maana tunachoandika ndicho tunachotamka, na akisha kujua silabi zake anaweza kusoma gazeti zima kwa sauti hata asipolielewa. Mpe mtoto huyo neno *petit* naye atalitamka hadi herufi ya mwisho, kama alivyofundishwa kwa haki. Mpe *vas-tu* na *trois* naye atazitamka zote bila kuacha hata moja, na kosa likisha kukaa ulimini huwa kazi kubwa kuling'oa. Kwa mtoto wa Kiswahili, Kifaransa sharti kiingie kwa sikio kabla ya jicho. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kukipendelea kitabu cha picha kuliko kitabu cha kiada: kitabu cha picha kimetungwa ili kisomwe kwa sauti na mtu mmoja mbele ya wengine wanaotazama, na mtazamaji ana kazi ya kutosha kwa macho yake bila kuyagusa maandishi.

Fikra hii si mpya, na kwa watu wa Songwe ina ujamaa wa karibu kuliko wanavyojua. Mwaka 1658 mjini Nuremberg kilichapishwa kitabu kiitwacho *Orbis Sensualium Pictus*, ambacho wengi hukihesabu kuwa kitabu cha kwanza cha picha kilichotungwa kwa ajili ya watoto, na muradi wake ulikuwa kuwafundisha Kilatini kwa kuwaonyesha vitu vya ulimwengu pamoja na majina yake katika lugha mbili, Kilatini na Kijerumani. Mtungaji wake, Jan Amos Comenius, alikuwa askofu wa Ndugu wa Moravia, na kanisa hilo hilo la Moravian ndilo lililoleta wamisionari Rungwe mwaka 1891 na baadaye likaenea hadi Mbozi, ambako mpaka leo lina waumini wengi. Comenius hakuanza kwa kanuni za sarufi. Alianza kwa sauti za wanyama, kunguru na kondoo na wenzao, ili mtoto aipate sauti ya herufi kutoka katika jambo analolijua. Na alikuwa akiandika kwa sababu aliwaona watoto wa zama zake wakipigwa fimbo kwa maneno ambayo hawajaonyeshwa yana maana gani.

Wafaransa nao waliifanyia kazi fikra hiyo. Mwaka 1931 Paul Faucher alianzisha katika nyumba ya uchapaji ya Flammarion mfululizo wa vitabu vya Père Castor, vyembamba, vyenye jalada laini na bei nafuu, ili vimfikie mtoto wa mzazi asiye na mali. Kimojawapo, *Roule galette* cha mwaka 1950, ni habari ya mkate unaobingirika ukawatoroka sungura, mbwamwitu na dubu hata ukakutana na mbweha, na kila akutanaye nao huimbiwa wimbo ule ule. Msomaji wetu atatambua mara moja umbo hilo, kwa kuwa ngano za bibi zetu nazo husimama njiani ili wimbo urudiwe, na aliyesema "Paukwa" hujibiwa "Pakawa" na kikao kizima. Hadithi yenye kiitikio ni mali yetu sisi pia, na mwalimu wa Songwe akiisimulia kwa Kifaransa hatakuwa amewaletea watoto desturi ngeni.

Ithibati iliyo imara kuliko zote, kwa maoni yangu, haikutoka Ulaya, ilitoka visiwa vya Fiji. Mwaka 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika shule za vijijini, kwa madarasa ya nne na ya tano, vitabu vya hadithi vya Kiingereza 250 kwa kila darasa, vingi vikiwa na picha, katika mahali ambapo watoto walikuwa na lugha yao nyumbani na vitabu vilikuwa haba kama vilivyo haba kwetu. Baadhi ya madarasa yalisomewa kwa namna aliyoieleza Don Holdaway wa New Zealand, ambapo mwalimu husoma kitabu kikubwa mbele ya darasa zima, hukirudia siku kwa siku, na watoto hujiunga naye kidogo kidogo. Mengine yaliachiwa wakati wa kusoma kimya. Na mengine yakaendelea na mazoezi ya sentensi kama ilivyokuwa desturi. Mwaka ulipokwisha, waliopata vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma takriban mara mbili ya wenzao. Nakubali kwamba hali hazilingani sawasawa, kwa kuwa Kiingereza huko kilikuwa lugha ya masomo na hapa Kifaransa kingekuwa kipindi tu, na kwa hiyo hatuna haki ya kutarajia matokeo yale yale kwa ukubwa wake. Lakini kisa cha Fiji kinatosha kuwajibu wasemao kwamba hadithi ni starehe na sarufi ndiyo elimu.

Sasa tuingie darasani. Tuseme mwalimu ana kitabu kimoja cha kurasa 12, kilichochorwa juu ya karatasi za manila ili mtoto wa dawati la mwisho akione, maana kitabu cha kawaida mbele ya wanafunzi 45, ambacho ndicho kiwango kinachokubalika kwa mkondo mmoja na mara nyingi hupitwa, ni sawa na kutokuwepo. Habari yake ni lori dogo jekundu litokalo Mbeya kwenda Kongo. Mlowo linakutana na mbuzi, naye mbuzi anauliza: *Où vas-tu, petit camion ?* Nalo linajibu: *Je vais à Lubumbashi.* Mbuzi anapanda. Vwawa linakutana na kuku, swali ni lile lile, jibu ni lile lile, na kuku anapanda. Kisha bibi na gunia la kahawa, kisha mtoto aliyetoroka shule, hata lori linafika Tunduma, na hapo, kama kila mtu wa mkoa huu ajuavyo, lori linasimama. Foleni haisogei. Abiria wanaanza kushuka mmoja mmoja, na sasa lori ndilo linalouliza: *Où vas-tu, petite chèvre ?*

Tazama kilichotendeka. Swali limerudiwa mara nane au tisa bila mtoto kuchoka, kwa sababu kila mara limeulizwa na mwingine au limeelekezwa kwa mwingine. Na pale lori lilipoyageuza mambo, sikio la mtoto limepata tofauti kubwa kabisa ya sarufi ya Kifaransa bila neno "sarufi" kutajwa: katika *petit camion* ile *t* ya mwisho haikusikika, na katika *petite chèvre* imesikika. Mwalimu aliye mwerevu hatalieleza jambo hilo siku ya kwanza wala ya pili. Siku ya kwanza atasoma tu, kidole chake kikifuata picha na kuyaacha maandishi. Siku ya pili atasimama kabla ya kufunua ukurasa ili watoto watabiri nani anakuja. Siku ya tatu darasa litauliza lenyewe, nusu wakiwa mbuzi na nusu wakiwa lori. Na sharti la Holdaway ni kwamba hakuna anayelazimishwa kusema peke yake kabla hajawa tayari, ila kila mmoja ana nafasi ya kujificha katika sauti ya wengi mpaka ulimi wake uthubutu. Ni baada ya wiki mbili au tatu, hadithi ikisha kukaa kichwani, ndipo kidole kishuke kwenye maneno, na mtoto agundue mwenyewe kwamba Wafaransa huandika herufi wasizozitamka; naye atalicheka jambo hilo, badala ya kukwazwa nalo, kwa kuwa sauti anayo tayari. Mwisho watachora kurasa zao. Mtoto wa Kamsamba, aliye karibu na Ziwa Rukwa, ataweka mtumbwi mahali pa lori na mamba mahali pa mbuzi, na kitabu cha pili kitakuwa kimezaliwa.

Je, Kiswahili kifukuzwe chumbani wakati wa kipindi hicho? Wapo walimu wakali wanaosema ndivyo. Mimi naona ni ushupavu usio na faida. Hadithi isimuliwe mara moja kwa Kiswahili kabla ya kitabu kufunguliwa, ili kila mtoto ajue yuko wapi, kisha Kiswahili kipumzike. Lililo baya ni desturi iliyoenea ya kusoma mstari mmoja na kuuliza "Maana yake nini?", kisha mstari wa pili na kuuliza tena, mpaka hadithi inakatikakatika kama nyama ya mishikaki na mtoto anajifunza kungoja tafsiri badala ya kusikiliza. Picha ipo ili iifanye kazi ya tafsiri; mwalimu akiifanya yeye, picha inabaki pambo.

Suala la picha zenyewe lataka hadhari zaidi. Vitabu vingi vya Kifaransa vilivyopo duniani vilichorwa kwa ajili ya mtoto wa Paris, na ndani yake kuna theluji, metro, na jibini za kila namna. Hilo si kosa, na wala sikubaliani na wale wasemao kwamba mtoto wa Afrika aonyeshwe Afrika tu. Mtoto hupenda ajabu, na theluji ni ajabu njema. Lakini kitabu kinachomlazimu kujifunza kitu kigeni na neno geni kwa pamoja kinamtwika mara mbili, na kwa hiyo vitabu vya mwanzo viwe na vitu anavyovijua na maneno mapya tu. Vipo pia vitabu ambavyo kosa lake ni la heshima. *Tintin au Congo* cha Hergé, kilichoanza kutolewa gazetini mwaka 1930, kinawachora Wakongo kwa namna ambayo hakuna mwalimu wa Tanzania angeweza kuiweka mbele ya darasa na kubaki na uso mkavu. Na hata Babar, tembo maarufu aliyebuniwa na Jean de Brunhoff mwaka 1931, ambaye kitabu chake cha kwanza kina picha nzuri kupindukia, anapata ustaarabu kwa kwenda mjini kununua suti na kurudi mwituni kuwa mfalme. Sisemi kisisomwe. Nasema mwalimu akijue kabla ya kukisoma, na kisiwe cha kwanza.

Mfano ulio bora uko karibu zaidi, nao unatoka Kongo kwenyewe. Dominique Mwankumi, mchoraji wa Kikongo ambaye vitabu vyake vimetolewa Paris na l'école des loisirs, amechora watoto wa mto Kongo na watoto wa Kinshasa kwa rangi za maji zenye uhai: katika *Prince de la rue* yumo mtoto wa mitaani aundaye vigari kwa makopo matupu. Ni mtoto gani wa Tunduma ambaye hajaunda au hajatamani lori la waya na makopo, lenye matairi ya kandambili? Hapa Kifaransa kinakuja kwa mtoto wa Songwe kikitoka kwa mtoto mwenziwe, na Ufaransa haimo kabisa katika hadithi. Nami nadhani hiyo ndiyo sura ya haki ya lugha hii kwa upande wetu wa dunia, kwa kuwa Kifaransa tutakachokihitaji ni cha Lubumbashi na Bujumbura kabla ya kuwa cha Paris. Maneno ya Mwankumi ni mengi mno kwa darasa la tatu, lakini picha zake zaweza kusimuliwa kwa sentensi fupi za mwalimu, na maandishi yake yakasubiri darasa la sita.

Vitabu vitoke wapi? Kuagiza Ulaya ni ghali, na usafirishaji huongeza gharama juu ya gharama. Hata hivyo zipo hadithi ambazo wenyewe wamezitoa kwa leseni huria, kama zile za African Storybook zilizoanzia Afrika Kusini, ambazo nyingi zina matini ya Kiswahili na ya Kifaransa kwa picha zile zile, na shule yaweza kuzichapa bila kumwibia mtu. Nalitaja jambo la wizi kwa kusudi, maana mashine ya fotokopi imewazoeza wengi kudhani kwamba kitabu cha mtu kikisha kununuliwa nakala moja basi ni mali ya kata nzima. Sheria ya hakimiliki haisemi hivyo, na mchoraji naye ana watoto. Njia ya pili ni kuchora wenyewe. Tunduma haina uhaba wa mafundi wa kuchora: kuta za maduka, vibanda vya kunyolea na milango ya malori zimejaa kazi zao, na nchi hii iliwahi kuona jinsi Edward Saidi Tingatinga, mtu aliyetoka Tunduru bila shule ya sanaa, alivyoanza mwaka 1968 kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini na kuacha mtindo unaojulikana dunia nzima. Fundi wa mabango akilipwa ujira wa haki kwa kurasa 12, na mwalimu mjuzi akitunga sentensi 12, kitabu kimepatikana. Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni na ambalo wenyeji walilijua vizazi vingi kabla ya wageni kuliandika mwaka 1930, kinangoja kitabu chake cha picha kwa lugha yoyote ile.

Limebaki suala la mwalimu, nalo ndilo zito kuliko yote. Husemwa mara nyingi kwamba mwalimu asiyejua somo aweza kujifunza pamoja na wanafunzi, akiwatangulia ukurasa mmoja. Katika jiografia huenda. Katika lugha ambayo maandishi yake hayaonyeshi sauti yake, na kwa njia inayotegemea sikio tangu mwanzo hadi mwisho, mwalimu asiye na sauti sahihi atawarithisha watoto 45 makosa yake kwa siku moja, na kitabu cha picha kitayaeneza vizuri kuliko kitabu cha kiada, kwa sababu kinapendeza na kinarudiwa. Simu yaweza kusaidia: msomaji mjuzi arekodi hadithi, sauti iwekwe katika kadi ya kumbukumbu ya simu ya mwalimu pamoja na spika ndogo, na shule ipate sauti safi. Lakini sauti ya simu haimtazami mtoto usoni wala haijui lini isimame. Ni msaidizi wa mwalimu aliyekwisha kujifunza kiasi, na mwalimu asiyejua kitu haimfai.

Ipo pia hoja ya fedha, na hapa nakiri kwamba wapinzani wa Kifaransa wana upande wa haki. Tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016 madarasa yalifurika, na shule nyingi za Momba na Ileje hazina hata rafu moja ya vitabu vya hadithi vya Kiswahili, licha ya juhudi za Mradi wa Vitabu vya Watoto uliokuwa ukifanya kazi nchini tangu mwaka 1991 na wachapishaji kama Mkuki na Nyota. Mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu cha hadithi kwa lugha anayoielewa hajui kitabu ni kitu cha kufurahia. Kumpa cha Kifaransa kwanza ni kumpandisha ngazi kutoka katikati. Wakongo wenyewe wameelekea kulikubali jambo hili, kwani katika shule zao za mashariki madarasa ya mwanzo husoma kwa Kiswahili kabla ya kuhamia Kifaransa.

Basi shauri langu kwa Halmashauri ya Mji wa Tunduma na halmashauri jirani ni hili. Waanze na shule mbili au tatu ambazo mwalimu wa Kifaransa yupo kweli, darasa la tatu na la nne, kwa vitabu visivyozidi kumi vikubwa vya manila, nusu vimechorwa hapa hapa, visomwe na kurudiwa mwaka mzima bila mtihani wa kuandika. Na kila kitabu kiwe na mwenzake wa Kiswahili chenye picha zile zile, kitakachosomwa kwanza. Shule isiyo na mwalimu wa Kifaransa isipelekewe vitabu vya Kifaransa hata vikitolewa bure na mfadhili. Ipelekewe vya Kiswahili, na ipelekewe mwaka huu.